Mabamvua Sabini na Manne kwenye Karatasi Moja

Mwanaasha binti Mwishehe wa Mlingotini ni mkulima wa mwani, na ukimuuliza kazi yake ndivyo atakavyokujibu, hata kama mkononi ameshika kipimajoto na kwapani ana daftari. Ana miaka arobaini na moja. Si msemaji, na ana tabia moja inayowachosha wenzake: ukimwambia jambo, atakuuliza umelijuaje. Ukisema jua la mwaka huu ni kali kuliko la mwaka jana, wenzake wataitikia na kujifuta jasho. Yeye atafungua daftari. Watu wa namna hiyo hawatafutwi sana kwenye mazungumzo ya vibarazani, na yeye hajawahi kulalamika.

Kikundi chao kina wanawake thelathini na mmoja. Hulima kule maji yanakokupwa, mchangani, kwa vigingi na kamba, na kazi yao haifuati kalenda ya ukutani. Hufuata bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, maji hutoka mbali, mashamba yakabaki wazi, nao wakaingia; zikija siku za maji mafu hukaa nyumbani wakianika mavuno na kufunga mbegu kwenye vikamba. Muulize mwanamke wa pale mwani wake una umri gani, hatakwambia majuma sita, atakwambia mabamvua matatu. Kwa hiyo Mwanaasha alipoanza kuandika, miaka mitatu nyuma, aliandika kwa bamvua: joto la maji saa tano asubuhi, yakiwa yamekauka kabisa, na kilo za mwani mnene, ule wenye bei nzuri usiostahimili joto, zilizotoka kwenye kila kamba kumi. Hakuna aliyemfundisha kufanya vile. Ndivyo siku zinavyohesabiwa kwao.

Kompyuta aliipata kwa Samia, mtafiti wa kutoka Dar es Salaam aliyekaa kijijini misimu miwili akichunguza kwa nini mwani mnene unakufa, akamkuta mwanamke mwenye madaftari mengi kuliko yeye. Alipoondoka alimwachia kompyuta yake ya zamani, iliyong'oka kitufe kimoja, na ndani yake programu ya takwimu isiyo na mapambo: unaandika amri, nayo inatii. Mwanaasha alimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hapendi zitajwe, isipokuwa ya hesabu. Yeye na programu ile walielewana upesi, maana nayo haikubali maneno ya kukisia. Ukikosea herufi moja inakugomea. Ukiandika sawasawa inafanya ulichosema, hata kama sicho ulichotaka, na hilo la mwisho ndilo lililokuja kumtia taabuni.

Mbele ya fungu la mchanga lililo mkabala na kijiji upo mkondo usiokauka hata kwa bamvua kubwa. Maji yake yana ubaridi, nyuzi mbili tatu chini ya yale ya ufukweni, na mwani mnene ukining'inizwa pale kwenye kamba za kuelea haufi. Kikundi kiliomba mkondo huo. Hoteli moja ya jirani nayo iliuomba, iegeshe boti za wageni wake. Kamati ya kugawa maeneo ya bahari ilikuwa ikae Alhamisi mjini Bagamoyo kuamua. Wanawake hawakuwa na pa kukimbilia: msimu wa joto uliopita mwani wao ulikufa mara nne, wenzao sita wakakata tamaa na kwenda kukaanga vitumbua, na mkondo ukienda hotelini, msimu ujao kikundi hakipo. Hilo halikuwa neno la kuombea huruma. Lilikuwa kwenye daftari.

Sasa kamati hiyo, mwaka uliotangulia, ilikuwa imeletewa marundo ya makaratasi yasiyosomeka mwanzo wala mwisho. Safari hii ikatoa sharti: kila mwombaji alete ushahidi wake kwenye ukurasa mmoja, saizi ya A4, uwe PDF, utumwe kwa barua pepe kabla ya Jumatano saa kumi jioni. Karani aliyepiga simu alirudia maneno "ukurasa mmoja" mara tatu, kama anayemwelekeza mgonjwa asiyesikia masharti ya dawa.

Jumatano asubuhi Mwanaasha alichora grafu yake. Juu ulipita mstari wa joto, chini mstari wa kilo, na mabamvua yote sabini na manne yalijipanga kutoka kushoto hadi kulia. Kila mstari wa juu ulipopanda, wa chini uliporomoka. Kwenye kioo cha kompyuta, ambacho ni kipana, ilisomeka hata kwa mtoto. Akaihifadhi kuwa PDF, akaitia kwenye flashi, akabeba na kompyuta yenyewe kwa tahadhari, akapanda bajaji kwenda mjini pamoja na Bi Ashatu, mwenyekiti wa kikundi. Kuituma tu angeweza kwa simu. Lakini Mwanaasha haamini kitu ambacho hajakiona kwenye karatasi.

Steshenari waliyokwenda ni ya Jatin. Baba yake aliuza vitambaa pale pale, na meza ndefu ya kupimia majora bado ipo. Leo juu yake imekaa mashine ya fotokopi na mbili za kuchapia, na Jatin mwenyewe, mzee wa miaka sitini na kitu, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mzee Jatin."

"Marahaba, mama. Habari za Mlingotini?"

"Njema. Nina karatasi moja tu."

"Hizo za moja ndizo zenye maneno," Jatin akasema, akaipokea flashi.

Karatasi ikatoka. Ilikuwa imesimama, nyembamba na ndefu, na mabamvua sabini na manne yalikuwa yamebanana upande kwa upande hata mistari ikawa kitu kimoja cheusi chenye miiba. Tarehe za chini zilipandana. Bi Ashatu aliichukua, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Mwana, hii ni grafu au mswaki?"

"Nyumbani haikuwa hivi," Mwanaasha akasema. Ilimuuma, maana njia nzima alikuwa ameisifia grafu ile kwa Bi Ashatu.

Jatin aliwatoa wasiwasi. Watu huleta kazi iliyosimama wakitaka ilale, kwake ni mambo ya kila siku. Akabofya mahali kwenye mashine akachagua karatasi ya kulala, akachapa tena. Karatasi ikatoka imelala kweli. Grafu ilikuwa katikati yake, ndogo, imesimama vile vile, kushoto peupe na kulia peupe, kama mtoto mchanga aliyelazwa kwenye kitanda cha sita kwa sita.

"Umelaza karatasi, mzee. Grafu hukuilaza."

"Basi tuivute." Akaigeuza kuwa picha, akaivuta pembe hadi ijae. Grafu ikajaa. Maandishi nayo yakavutika, neno "Joto" likawa pana na fupi, namba zikanenepa, na mistari ikaingia ukungu. Bi Ashatu alisema safari hii angalau inaonekana imekula. Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye.

Jatin hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya wateja. Akaishika ile karatasi ya kwanza, akahesabu nukta kwa ncha ya kalamu, akachoka zilipofika ishirini. "Tatizo lako ni nukta nyingi. Andika kwa mwezi, kama wenzio wote. Mwezi mmoja nukta moja. Utapunguza nusu, na ukurasa wa kusimama utakutosha."

Ushauri ule ulikuwa na akili, na Mwanaasha akaujaribu. Akafungua kompyuta juu ya meza ya majora, akaiamuru programu ichukue kila mabamvua mawili iyafanye mwezi. Ikachapwa. Ilikuwa nzuri, safi, ya kuwekwa kwenye fremu, na mistari yake ilikuwa imelala bapa. Vifo vyote vilikuwa vimetoweka.

Bi Ashatu alipouliza vimekwenda wapi, Mwanaasha alimweleza kwa sauti ya chini, huku naye mwenyewe akishangaa. Mabamvua hayalingani. Mara nyingi moja la mwezi huwa kubwa, maji yakatoka mbali na mwani ukaanikwa na jua mpaka ukageuka mweupe na kukatika; la pili huwa dogo, na kilichopona kikapata nafuu. "Ukimchanganya maiti na mzima, ukagawa kwa mbili, hupati mgonjwa," akasema. "Unapata uongo."

"Basi rudisha maiti wetu," Bi Ashatu akasema.

Ikabidi apige simu kwa Samia. Samia hakupokea, baada ya dakika kumi ukaja ujumbe: yuko kikaoni, amri aliyoiacha ya kuhifadhi PDF ilikuwa ya ripoti yake, nayo imeandikwa jina la karatasi tu, na programu ikiachiwa jina tu husimamisha ukurasa. Afute jina, aandike mwenyewe upana na kimo. Ujumbe ukaishia hapo. Mwanaasha akauelewa mara moja, na akauheshimu. Kwamba ukurasa haulazwi na mchapaji baada ya mambo kwisha. Unalazwa na mwenye grafu, wakati ule anaouhifadhi, kwa kusema nataka upana wake upite kimo chake. Alikuwa akimlaumu Jatin na mashine zake bure.

Upana kiasi gani, basi? Hapo mtu mwingine angekisia. Mwanaasha alitazama bunda la karatasi lililokuwa rafuni, akasoma ubavuni mwake: milimita 210 kwa 297. Akabadilisha kuwa sentimita. Akaandika upana ishirini na tisa nukta saba, kimo ishirini na moja, akahifadhi, akampa Jatin flashi kwa mkono wa mtu aliyemaliza kazi.

Ikatoka imelala, imejaa pembe hadi pembe. Lakini herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi, na mistari myembamba kama uzi wa buibui. Bi Ashatu alivaa miwani ya Jatin juu ya yake na bado hakuona kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo, na Mwanaasha alianza kuogopa. Wala hakuficha. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Naogopa," kama mtu anayetaja joto la maji.

Jatin ndiye aliyeitatua, na mpaka leo hajaacha kuwasimulia wateja. Aliifungua ile PDF akaangalia maelezo yake, akasoma vipimo, akasoma tena. "Mama, huu ukurasa una sentimita sabini na tano. Hii ni nusu shuka. Mashine yangu imeufinya ndipo ukaingia kwenye A4, na maandishi nayo yakafinywa." Akachukua kikokotoo, akagawa, akagonga meza kwa kidole. "Sabini na tano ni inchi ishirini na tisa na ushee. Programu yako inahesabu kwa inchi. Wewe umeiambia sentimita, yenyewe imesikia inchi."

Mwanaasha aliona haya. Alikuwa ameiuliza karatasi ikamjibu, ila programu hakuiuliza inapima kwa kipimo gani. Yeye, wa umelijuaje.

Jatin alivuta mtoto wa meza akatoa futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, akaitandika juu ya karatasi tupu mbele yao. Upana, inchi kumi na moja na karibu robo tatu. Kimo, nane na robo. Mwanaasha akaandika kumi na moja nukta saba, na nane nukta tatu. Akahifadhi.

Karatasi iliyotoka ilikuwa ndiyo. Ilikuwa imelala, herufi zinasomeka bila miwani, kila bamvua lina nafasi yake, na kila bonde la mstari wa kilo lilikaa chini ya kilima cha mstari wa joto. Bi Ashatu, ambaye hakupata kusoma grafu maishani mwake, alifuata kwa kidole, akasema, "Hapa ndipo Esha alipouacha mwani akaenda kwenye vitumbua." Akasogeza. "Hapa ndipo tulipouza kamba." Alisoma ukurasa ule wote namna hiyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kidole chake kikafika mahali pasipokuwa na kitu.

Kati ya bamvua la thelathini na mbili na la arobaini hapakuwa na mstari. Asubuhi, kwenye kioo, Mwanaasha alikuwa akifuata vifo tu, na kwenye ule ukurasa wa kusimama palikuwa pamebanwa, mtu angedhani ni wino uliokwaruka. Sasa palikuwa na upana wa vidole viwili, peupe kabisa.

Mwanaasha alijua ni nini kabla hajahesabu. Ishaka Mbaruku, mumewe, aliugua figo majuma matatu akafa. Yeye akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, kama mila inavyotaka kwao. Kipimajoto kilikaa juu ya kabati. Katika kikundi kizima hakuna mwingine aliyejua kukisoma, kwa sababu ni Ishaka aliyekuwa akienda naye baharini, akiinama na kusoma joto kwa sauti, na yeye akiandika. Alipotoka eda alikwenda peke yake, akasoma mwenyewe na kuandika mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuyafungua tena madaftari ya nyuma; Samia ndiye aliyeyaingiza kwenye kompyuta. Alikuwa hajawahi kuiona eda yake kwa macho. Ilikuwa na mabamvua tisa. Akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka, na wale wawili wakatazama pengine mpaka alipomaliza.

Jatin alikuwa wa kwanza kusema, tena kwa upole. "Unganisha tu, mama. Mstari mmoja kutoka hapa hadi hapa. Nani atajua?"

"Na si uongo," Bi Ashatu akadakia. "Mimi nilikuwa baharini siku zote zile. Bamvua la kwanza mwani ulikufa. La pili ukapona kidogo. La tatu ukafa tena, Mwana, kwa macho yangu haya. Andika, nakutajia."

"Joto lilikuwa nyuzi ngapi, Bi Ashatu?"

"Lilikuwa kali."

"Kali si namba."

"Usiniletee mambo hayo leo. Watu wa hoteli wataliona hilo tundu. Watasema hesabu za hawa wanawake zimetoboka, tupeni mkondo wetu. Wanawake thelathini na mmoja, mwanangu, kwa ajili ya vidole viwili."

Isidhaniwe kwamba Mwanaasha hakushawishika. Alishawishika sana. Aliweka kidole kwenye kompyuta, kwenye nafasi ya bamvua la thelathini na mbili, akaandika thelathini na tatu, joto ambalo huenda ndilo lililokuwa kweli. Akaitazama. Namba ile ilifanana na zote, na hicho ndicho kilichomtisha: kwamba kesho kutwa hata yeye asingeweza kuitenga na zile alizozipima. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakuwaambia. Miezi ile Ishaka hakuwapo kusoma. Kuandika namba pale ilikuwa ni kusema kwamba kuna mtu aliinama majini akasoma, na hakuna aliyeinama. Akaifuta.

Badala yake, chini ya grafu, akaongeza mstari mmoja wa maandishi: Mabamvua 32 hadi 40 hayakupimwa. Mpimaji alikuwa eda ya mumewe, Ishaka Mbaruku. Akahifadhi kwa vipimo vile vile, akaituma saa tisa na nusu.

Bi Ashatu alijifunga kanga yake upya. "Tukiukosa mkondo," akasema, "wewe ndiye utakayewaeleza wenzio." Kwenye bajaji ya kurudi hakusema neno lingine, na kwa Bi Ashatu hiyo ni adhabu kubwa kuliko matusi.

Alhamisi saa nne asubuhi kamati ilikaa, watu saba kwenye meza ya duara, waombaji kwenye viti vya ukutani. Mwenyekiti alikuwa mzee Abdulwahab, mwalimu mstaafu, mtu wa kuvuta maneno taratibu. Kila mjumbe alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Ya hoteli ilisimama, ina rangi na picha ya boti, na mstari mmoja wa idadi ya wageni kwa miezi thelathini na sita, unapanda kutoka kushoto hadi kulia bila kujikwaa. Ya kikundi ililala. Mwanaasha aliona wajumbe wakiigeuza mkononi mmoja mmoja, wakikaa sawa, wakaanza kuisoma kwa kidole kama alivyofanya Bi Ashatu. Akapata moyo kidogo.

Kijana aliyekuja kwa niaba ya hoteli alikuwa na adabu. Aliposimama hakuwatukana. "Mwenyekiti, kazi ya mama zetu ni nzuri na tunaiheshimu. Ila naomba wajumbe watazame katikati ya karatasi yao. Hapo hapana kitu. Miezi minne na zaidi. Kamati haiwezi kutoa bahari kwa takwimu zenye tundu."

Bi Ashatu alivuta pumzi kwa nguvu. Mwanaasha alitazama sakafu. Aliwaza wanawake thelathini na mmoja, akaona kwamba huenda amewauza kwa ukaidi wake.

Mzee Abdulwahab aliinua karatasi ya hoteli. "Hii yenu haina tundu."

"Haina, Mwenyekiti."

"Mwaka juzi mlifunga kwa ajili ya ukarabati. Mwezi wa tatu mpaka wa tano. Mwanangu alikuwa fundi wenu wa madirisha, ndiyo maana nakumbuka. Wageni wa miezi hiyo walilala wapi?"

Kijana aliitazama karatasi yake. Akasema pengine aliyeichora aliunganisha mstari ili ipendeze. Alisema kweli, na ilionekana kwamba ndiyo kwanza anaona.

"Mtu anayebuni hesabu haachi tundu," mwenyekiti akawaambia wenzake. "Hawa wameacha. Basi na zile nyingine sitini na tano nitaziamini." Akampa karani ile karatasi iliyolala. "Soma hayo maandishi ya chini. Macho yangu hayafiki."

Karani akasoma, bila kupanda wala kushuka, kama anavyosoma kila kitu. Mabamvua thelathini na mbili hadi arobaini hayakupimwa. Mpimaji alikuwa eda ya mumewe, Ishaka Mbaruku.

Wajumbe wawili wakanong'ona innalillahi. Mwenyekiti akawauliza wenzake mmoja mmoja, wakajibu, akaandika kwenye jalada kwamba mkondo ule umepewa kikundi cha wanawake wa Mlingotini, akatia sahihi. Viti vikaanza kusukumwa nyuma. Bi Ashatu aliufinya mkono wa Mwanaasha mpaka ukauma.

Mzee Abdulwahab, ambaye naye alikuwa ameshainuka, akazunguka upande wa pili wa meza hadi walipokaa wanawake.

"Pole sana, mwanangu," akamwambia Mwanaasha. "Hatukuwa na habari."

Kwa pole ya msiba wa siku nyingi jibu linajulikana, na Mwanaasha alikuwa amelitoa mara zisizohesabika, sokoni, kisimani, mlangoni kwake: ahsante, nimeshapoa. Alilitoa hata siku ya kwanza ya kutoka eda. Sasa alifungua kinywa kulitoa tena, akaona kwamba silo.

"Bado sijapoa, baba," akasema.

Mwenyekiti akavuta kiti cha jirani, akakaa. Wale waliokuwa wamefika mlangoni wakarudi, nao wakakaa.